Kizibo

Mbwa wetu anaitwa Watasema.
Mama ndiye aliyempa jina, mwaka ule unga ulipopanda bei
na majirani wakauliza nani analisha mbwa
watu wenyewe wakilala na chai ya rangi.

Upele ulimwanzia masikioni.
Ukashuka shingoni, ukala kwapa, ukala mkia,
mpaka ngozi yake ikafanana na ua letu la Majengo:
jiwe jeusi la mlima, lenye nyufa, lisiloota kitu.
Usiku alijikuna kwenye ukuta wa mbao,
kwaru, kwaru,
kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Paluku wa chukudu akaja na chupa ya maji ya kunywa
isiyo na maji. Imetoka Masisi, kwenye josho la ng'ombe.
Haina karatasi. Ina harufu ya kutoa machozi.
"Kizibo kimoja, ndoo nzima," alisema,
au alisema vizibo viwili, au ndoo ndogo;
nilikuwa namtazama mbwa, siutazami mdomo wake.
Akaongeza lile neno tunalolijua wote:
dawa ya moto ni moto.

Nikapima kwa hasira.
Hasira haina kizibo.
Nusu chupa katika beseni la kufulia,
nikaikoroga kwa mkono mtupu.
Binti yangu Kavira, miaka minane, alimshika masikio
akimnong'oneza jina lake.
Mbwa alisimama. Hilo ndilo linalonirudia:
alisimama kimya, akaniachia mgongo wake wote,
kwa sababu ni mimi.

Kisha akafanya afanyavyo mbwa aliyelowa.
Alijilamba.

Saa mbili usiku mate yalimtoka kama povu la sabuni.
Miguu ya nyuma ikasahau kazi yake.
Mboni zikanywea, zikawa nukta ya kalamu.
Kavira akatapika uji kando ya kitanda,
na vidole vyangu, vidole vya fundi cherehani,
vikashindwa kutunga uzi sindanoni.

Nawauliza, watu wa Goma,
sisi tulioona moto ukishuka mlimani
ukapita sokoni bila kununua kitu:
nani aliuzima kwa moto?
Tulikimbia. Tukangoja. Jiwe likapoa lenyewe,
na hata leo ukichimba choo, nyundo inakuadhibu.

Daktari Kahindo wa Katindo hakunigombeza.
Alivaa glovu, akamwosha mbwa kwa sabuni na maji mengi,
mara ya kwanza, ya pili, ya tano,
akatuamuru nasi tujioshe hadi mabegani, tuvue nguo zile,
akatuandikia kibarua cha kwenda nacho hospitali,
mimi na mtoto, usiku huohuo.
Akasema bila kuinua kichwa:
"Wadudu wale wako ndani ya ngozi.
Wewe umechoma paa, wao wamelala chumbani.
Na ngozi hunywa, baba Kavira. Hunywa kama mdomo."

Siku ya tisa alitaka uzito wake.
Tukampeleka kwa Masika, muuza maharage,
aliyeapa kwa marehemu wote kwamba mbwa hapandi mizani yake,
kisha akatandika gunia, akampandisha.
Kilo kumi na moja na nusu.
Na dawa ya kilo kumi na moja na nusu
ilikuwa kipande cha kidonge, kimekatwa kwa wembe,
kilichopotea kwenye mstari wa kiganja changu.
"Hiki tu?"
"Hiki tu. Na siku."

Sasa manyoya yamerudi, mafupi,
kama nywele za aliyenyoa matanga.
Paluku hupita na chukudu lake, hupiga mluzi, hasimami.
Majirani wamesema, na wamechoka kusema.
Watasema mwenyewe hana neno:
anamfuata Kavira hadi bombani,
anakula mkononi mwangu,
analala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitenge.
Ila nikiinua beseni,
hata la maharage,
hata tupu,
anaamka taratibu, bila kubweka,
anakwenda hadi mlangoni,
anageuka mara moja kunitazama.

Ananipima.