Kwa Tusekile, Panda

Ukungu ukishuka Loleza
mji hauonekani, ila nawasikia.

Sikaponda, fundi saa wa Sokomatola,
aliyepima dhahabu ya Lupa kwa mizani ya kuazima
akafa akidaiwa chumvi.

Bibi Tusekile, mkunga.
Nusu yetu Mwanjelwa alitupokea kwa mikono
iliyonuka viazi na sabuni ya magadi.
“Lia,” alituambia,
“baridi ya huku haimhurumii mkimya.”

Vibao vya barabara vina majina mengine.
Sawa.

Jana nilimwambia dereva wa bajaji:
kwa Sikaponda, kata kushoto,
kisha kwa Tusekile, panda.
Akauliza, “Ndiyo wapi huko?”
Panda tu, mwanangu,
panda mpaka injini ikohoe.
Hapo hapo.
Nishushe.