Kistari

Bi Halszka ameinakili ubaoni
mistari mitatu aliyoikuta langoni
mwa ua mmoja wa Baluty:

*Shule tuliipa kisogo.
Baridi tukaivaa kama koti.
Kesho —*

"Mshairi anakusudia nini?"

Kiburi, asema Kalina.
Uasi, mwalimu, dhidi ya mfumo.
"Mfumo" linaandikwa, linapigiwa mstari.
Nje tramu inakata kona ikisaga meno.
Na kistari? Kistari ni ukimya, asema Bi Halszka,
ni kaburi, ni mlango ulioachwa wazi.
Madaftari yanakubali yote.

Nikodem, dawati la mwisho, hajavua kofia.
Mwandiko anaujua: ile "k" inayochechemea
ni ya Tymek, kaka yake,
kwa kipande cha lipu
kilichobanduka ukutani kwa bibi yao.
Yeye ndiye aliyemulika kwa simu.
Kistari ni mkono uliovutwa
taa za buluu zilipoingia uani.
Basi.

"Nikodem? Wewe waonaje?"

"Sijui,"
na anapandisha zipu hadi kidevuni,
zipu ya koti pana mabegani,
mikono imempita vidole,
mfukoni bado mna unga mweupe wa lipu.