Chini ya Jani

Hombolo, zabibu zikianza kulainika,
nageuza jani, natazama tumbo lake.
Ukiona unga mweupe kule chini, usingoje kesho:
chukua salfa, anza mstari wa kwanza.
Hili hata mtoto wa darasa la pili analijua.

Sisi nani alitugeuza akatutazama?

Merabu, wifi yangu, alivuja damu miezi minane,
akaiita uchovu, akaiita jini, akaiita umri.
Nauli ya mjini, kwenda na kurudi, ilikuwa kreti ya zabibu,
na kreti ya zabibu ni sare ya shule ya Yoramu.
Akanunua sare.
Siku tunamzika, Yoramu alikuwa ameivaa.

Jumanne moja gari la wilaya likasimama
mbele ya ghala la ushirika.
Akashuka muuguzi, Sista Damari Chilongani,
na kitanda cha kukunja, tochi ya kichwani,
na chupa ya siki.

Siki! Tukaangua kicheko, wanawake wa zabibu;
kwetu siki ni divai iliyotushinda.
"Unakuja kututia kwenye kachumbari?" akauliza Mama Wendo,
na kicheko kile ndicho kilichotuvusha pazia la khanga.

Nilipanda. Miguu yangu, iliyokanyaga udongo huu
miaka thelathini na tisa, ilitetemeka.
Baridi ya pamba. Dakika moja ndefu,
popo wakikwaruza bati.
"Naona weupe kidogo. Bado si saratani.
Tukiuacha, utageuka."
Nikasema: najua.
Akachoma palepale, kwa kifaa cha betri,
kikauma kama hedhi ya usichana, kikapita.
Wiki sita, akasema, usilale na mume.

Mume akauliza, nani alikuruhusu?
Nikamwambia: na salfa, huwa unamwomba nani?
Alinyamaza mpaka uji ukapoa.
Usiku akanitekea maji ya kuoga.

Lakini betri iliisha saa kumi jioni.
Nje walibaki wanawake arobaini na mmoja,
wengine wametoka Zepisa kwa miguu, watoto mgongoni.
Sista akaandika majina yao nyuma ya stakabadhi za ushirika,
akaniachia mimi,
akasema, nitarudi.

Salfa huja kila msimu, hata barabara ikikatika.

Jina la kumi na tisa ni mdogo wake Merabu.
Kila gari likitimua vumbi ng'ambo ya bwawa
nasimama,
mkono ungali chini ya jani.