Kadi ya Kipandikizi

Al-Khuwair, chumba cha pili. Ghaniya anatoa pochini
kadi iliyofifia: mililita mia mbili themanini,
na maneno aliyoyaruka siku ile: uso wenye mikwaruzo.

"Kilicho laini huteleza," walimwambia,
"hiki cha msasa kitashika."
Kimeshika. Miaka kumi na mmoja
nyama imekifumia ganda,
na wiki hii ziwa la kushoto
limekuwa ziwa kweli: maji.

Daktari halitaji lile jina. Anasema sindano,
anasema tungoje maabara.

"Na kile laini kingeniacha salama?"
"Pengine ganda lingekaza. Pengine kingehama."

Anacheka, anafunga abaya.
"Mume wangu alikuwa laini, Daktari.
Akahama."

Kadi inarudi pochini,
maandishi yakitazama ndani.