Usipanguse Kavu

Asubuhi, kabla simu haijalia,
natazama ng'ambo ya ghuba.
Mlima umekohoa tena usiku.
Hapa Kagoshima hatuulizani kama mvua itanyesha;
tunaulizana upepo umeelekea wapi
na nani kasahau nguo kambani.

Gereji ina paa na mlango wa chuma
lakini majivu hayabishi hodi.
Yamelala juu ya boneti kama unga wa mtama
uliochekechwa na mtu asiye na haraka.
Gari letu ni jeusi, la mazishi,
lina miaka kumi na moja.
Limebeba abiria elfu tatu na ushei,
hakuna hata mmoja aliyelalamikia mashimo.

"Nunueni la kijivu," wateja humtania Bwana Imakiire.
Majivu juu ya kijivu, nani atajua?
Yeye huinama tu, hucheka kwa pua.
Nyeupe husamehe, kijivu hufichia.
Nyeusi hukusema mbele za watu.

Tsunehiko, kijana wa Osaka, siku yake ya pili kazini
alivuta mkono wa shati akapangusa mlango,
fyuu, mara moja tu.
Nilipiga yowe kama niliyeona mtoto kashika wembe.
Usipanguse kavu!
Hili si vumbi la barabarani, ni jiwe lililosagwa,
kila chembe ina meno.

Kwanza maji. Maji mengi, toka juu ya paa,
yaache yashuke yenyewe na mzigo wao.
Kisha ndoo mbili:
moja ya povu, moja ya kutubia.
Glavu ya sufu ikigusa gari, irudi kutubu kwanza
ndipo ichote povu tena.
Mkono uende moja kwa moja.
Ukizungusha duara utafuma utando wa buibui;
kivulini hauonekani,
jua likitoka, utando wote huo, na wewe ndani yake.
Taulo usisugue. Laza, bonyeza, inua,
kama unayemkausha jasho mwenye homa.
Mwisho nta, kiasi cha harage.
Nta si urembo, kijana.
Ni ngozi iliyokubali kuumia
kwa niaba ya ngozi.

Hayo nilimfundisha. Hili sikumfundisha:

Februari, Bi Uezono wa duka la maandazi ya samaki
alikuwa akimsindikiza mumewe.
Sala ilipokwisha, gari nje lilikuwa limegeuka rangi,
mlima ulikuwa umemwaga tangu saa nne.
Nikakimbilia ndoo.
Niliporudi alikuwa amesimama mlango wa nyuma,
ameinua kidole,
anaandika kwenye majivu, taratibu, kwa mwandiko wa shule:
*Miwani yako ninayo mimi.*

Nilikuwa na maneno yangu mawili mdomoni.
Ulimi ukakataa.
Tulimpeleka tanuruni, tukarudi na majivu mengine,
mapajani mwa mjane, ndani ya kitambaa cheupe.

Jioni nikaosha. Vumbi likaondoka,
maneno yakabaki,
membamba kama unywele, ndani ya vanishi.
Dawa ya kung'arisha ninayo, mashine ninayo,
ni kazi ya nusu saa.
Nilimwambia Bwana Imakiire kuwa vanishi ni nyembamba,
kila ukiisugua unaikopa na hailipiki.
Ni kweli. Hakuuliza zaidi.

Jana mchana, jua kali, baridi kali,
Tsunehiko akainamisha kichwa upande,
akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.
"Mzee, hapa pameandikwa kitu."

Ng'ambo, moshi mwembamba ulikuwa unapanda.
Upepo bado haujaamua.

Nikampa kopo la nta.
"Anzia hapo," nikamwambia.
"Polepole."