Kiinua Mgongo

Leo asubuhi mlango wa mbele umegoma.
Umeganda kwenye fremu kama ulimi kwenye chuma.
Orest akausukuma kwa lile bega bovu,
bega la miaka thelathini na moja ya maghala ya ngano,
ukaachia kwa mlio wa mfupa.
Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, ilisema redio,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mayai.

Tuna daftari. Jalada la kijani,
limebanwa kwa raba iliyokuja na fungu la karoti.
Gesi, mia mbili na kumi na nne.
Umeme, tisini na sita na senti arobaini.
Viazi, gunia, kwa Paraska: tumebadilishana na jamu.
Plastiki ya madirisha: ile ile ya mwaka jana.
Mwandiko ni wangu. Kujumlisha ni kwake.

Tumebakiza misimu minne ya baridi.
Hatuhesabu miaka. Miaka ina kiangazi ndani yake,
na kiangazi hakimdai mtu.

Kipimajoto cha ukutani hakivuki kumi na sita.
Aliyewahi kukipandisha ni shemeji yangu Darcy,
Krismasi ile alipotoka Vankuva na soksi za hariri.
Tulimsikia ukumbini, kidole kimoja, klik,
na sisi wawili kitandani tukafumbua macho gizani.

Chumba cha watoto tumekiziba kwa blanketi la jeshi.
Mle baridi inakaa peke yake, kama mgeni tuliyemchoka,
pamoja na mitungi ya kabichi
na kuku wawili wanaogandishwa bure.
Akiba haiozi, wanasema watu.
Huku hata panya aliyefia barazani Novemba
haozi mpaka Aprili.

Gari linalala na waya puani kama mgonjwa.
Umeme unalifikia saa kumi alfajiri, si kabla;
Orest amekokotoa: saa mbili zatosha injini isife.

Kiinua mgongo.
Nimelitafuna neno hilo nikiwa na koleo mkononi,
theluji magotini, njia haionekani,
na mgongo wenyewe umepinda kama mpini wa ndoo.
Watauinua kutoka wapi?
Wataukuta?

Lakini kuna kitu hakimo daftarini.
Saa kumi na moja kasorobo, kila alfajiri, nasikia pasi.
Anadhani nimelala.
Anazipiga pasi soksi zangu, moja, ya pili,
kisha fulana nitakayovaa jikoni mwa shule,
ananisogezea chini ya shuka, miguuni,
zina joto la mkate.
Anarudi ubavuni kwangu,
mikono yake ya barafu ameificha makwapani
nisiijue.

Mara ya kwanza nilipiga hesabu, nisikudanganye.
Dakika saba, siku mia na hamsini, bei ya uniti:
dola tatu na senti thelathini na sita kwa msimu.
Nimekaa na hesabu hiyo miaka kumi na moja.
Mtu anayeanika majani ya chai ayachemshe tena,
aliyevaa koti moja tangu harusi ya Larysa,
anaiba dola tatu kutoka uzeeni kwetu
ili nikanyage sakafu bila kupiga kelele.

Juzi nilifungua ukurasa wa Januari.
Chini kabisa, baada ya Chumvi ya ngazi,
nikaandika: Mengineyo.
Sikuweka tarakimu.

Jana usiku akajumlisha kama kawaida yake, midomo ikitikisika.
Kalamu ikashuka, ikashuka, ikafika pale,
ikasimama.
Nje greda la manispaa lilikuwa linapita,
likitufukia upya njia tuliyoichimba mchana kutwa.
Akasema, bila kuinua macho,
“Hapa hujajaza.”
Nikasema, “Najua.
Kunywa supu, inapoa.”