Kidonge cha Rangi ya Kutu

Mwanakombo, usipakue bado.
Kiko wapi kile kidonge cha chuma?
Nakitafuna papo kwa papo na hamri,
si kabla, si sahani ikishaondolewa;
chakula na chuma viingie mlango mmoja.

Choo kikiwa cheusi kama wino wa ngisi
usipige yowe hadi Kibokoni,
daktari alinionya mapema.
Kikiwa na wekundu, hapo tusingoje kuche.

Na kopo lipandishe juu ya kabati, ulikaze.
Jana Badi kavuta kigoda, kalifikia:
"Nyanya, haya mabuyu?"
Nikalifumbata mpaka vidole vikaniuma.

Kesho mashine, saa kumi na moja alfajiri.
Leo nipakulie mbaazi.
Nusu upawa.
Hamu haina figo.